Hapana ya Kijana Inagharimu Kiasi Gani?

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Leicester, Uingereza. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba mliotoka Kampala, Kisumu, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na ninyi ndugu zetu wa Kongo na wa Barawa mliokuja baadaye, hamjambo? Na vijana mlioburutwa hapa kwa ahadi ya biriani, nawasalimu pia. Biriani lipo, nimepita jikoni nikaliona.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mtoto wa Kilohana, jamii ya wafanyabiashara wa Kihindu wa Kigujarati, na mji huu umenilisha kwa kazi ya ukalimani: Kigujarati, Kiswahili na Kiingereza, hospitalini, shuleni, mahakamani. Niliyoyasikia huko si yangu kuyasimulia, kwa hiyo aliyekuja kusikiliza umbea ale biriani aende zake. Nimekuja na jambo moja tu. Linawahusu watoto na wajukuu wa Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi waliokulia nchi hii, na namna wanavyooa na kuolewa.

Watu wakilizungumzia huuliza: ndoa ya kupangiwa, au ya mapenzi? Naona swali hilo limekaa vibaya. Nawajua waliopangiwa wakapendana mpaka wakawa kero kwa majirani, na nawajua waliojichagulia wakaachana kabla deni la ukumbi wa harusi halijaisha. Mimi huuliza swali jingine. Kijana huyu akisema hapana, atapoteza nini? Atanuniwa na mama siku mbili, kisha yaishe? Au atapoteza chumba anacholala, kazi kwenye duka la baba, wadogo zake, na siku bibi akifa ataipata habari kwa watu wa nje? Nendeni nyumba mbili za jirani. Kadi ya harusi ina picha ya mungu Ganesh yuleyule, sari zimetoka duka lilelile la Belgrave Road hapa mjini, na wazee wenye vitambi wa ukoo wameketi mstari wa mbele vilevile. Nyumba ya kwanza wanamshauri mtoto. Ya pili wanamwamuru. Ukiwa mgeni huoni tofauti, kwa sababu haionekani mpaka mtoto akatae.

Wazee wataniambia: binti, hii ndiyo mila yetu tangu zamani. Zamani ipi? Mapatel wengi mnaowajua Afrika Mashariki wametoka Charotar, kule Gujarat, ambako vijiji sita vilioana vyenyewe kwa vyenyewe na kuwatazama wengine kwa chini: Nadiad, Vaso, Karamsad, Dharmaj, Bhadran na Sojitra. Babu akifungua duka Jinja au Mwanza, alirudi Gujarat kuoa, kisha akamleta mkewe kwa meli. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya watu 27,000 wakaingia Uingereza, na wengi wakaja hapa Leicester, ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Umefika kwenye baridi na sanduku moja, jirani yako wa Belgrave ametoka Kampala naye ana kijana mzuri, mfamasia. Utamuuliza kijiji cha babu yake? Wengine waliuliza. Wengi waliacha kuuliza, na mipaka iliyolindwa vizazi na vizazi ikalegea. Wajukuu leo wanaambiwa “sisi siku zote huoa Mgujarati yeyote aliye mtu mzuri.” Siku zote hizo hazijafika miaka 60.

Na serikali ya nchi hii nayo ilitia mkono. Mwanzoni mwa 1979 mwalimu mmoja kutoka India, mwanamke wa miaka 35, alishuka uwanja wa Heathrow kuja kuolewa na mchumba wake. Alipimwa ubikira. Maofisa walikuwa na picha yao kichwani ya bibi harusi wa Kihindi, na wakaamua kukagua kama huyu anafanana nayo. Gazeti la Guardian lilipoifichua habari hiyo, vipimo vikapigwa marufuku. Mnaona mambo hayo? Mzungu wa uhamiaji anailinda “mila” ya Kihindi kwa ukali ambao hata shangazi yangu wa Tanga asingethubutu.

Miaka ya 1980 ikawa zamu ya wanaume. Aliyetaka kuja kumuoa binti wa hapa alitakiwa athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa si kupata makazi Uingereza. Hebu fikiria umekutana na mchumba wako mara mbili, wazee wako wamekaa ukutani, na ofisa anataka umweleze ulivyompenda. Ukisema ukweli, kwamba familia zimekubaliana na mapenzi mtayatafuta mbele ya safari, umejifunga mwenyewe. Sheria hiyo ilifutwa 1997. Mwaka 2008 wakapandisha umri wa mwenzi anayetoka nje kuwa miaka 21, wakisema wanazuia ndoa za kulazimishwa. Miongoni mwa walionaswa ni kijana wa Chile na mkewe Mwingereza, ambao hakuna aliyewalazimisha kitu. Mahakama ya Juu ikaitupilia mbali sheria hiyo Oktoba 2011. Na tangu Aprili 2024, anayeomba kumleta mwenzi wake kwa mara ya kwanza lazima aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kwa hiyo usifikiri kijana wa Kihindi hapa anavutana na mama yake tu. Kuna mtu wa tatu sebuleni, naye amevaa tai.

Hapo ndipo naomba tuwatazame Wapakistani wa Bradford, kwa sababu wengi huwahukumu harakaharaka. Sehemu kubwa yao asili yao ni Mirpur, Kashmir. Miaka ya 1960 lilijengwa Bwawa la Mangla huko, na watu zaidi ya 100,000 wakahamishwa makwao. Wengi wakaja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya 1962 ilipoanza kuubana mlango wa wafanyakazi, ulibaki mlango wa ndoa. Sasa mtazame baba mmoja. Yeye yuko Bradford, kaka yake kabaki Mirpur. Labda ni kaka huyo aliyeuza ng’ombe ili nauli ipatikane. Kaka ana kijana, baba ana binti. Kumwoza binti kwa mtoto wa ami yake ni mapenzi, ni kulipa fadhila, na ni viza, vyote kwa pamoja. Msicheke, watu wa Lamu na Unguja, maana kuozana mtoto wa ami nanyi mnakujua. Lakini iangalieni bei. Binti wa miaka 18 akisema hapana, hakukataa mume tu. Amewagombanisha ndugu wawili waliotenganishwa na bahari, na amemfungia binamu yake mlango wa maisha. Nani awezaye kubeba deni hilo akiwa bado anafanya mitihani ya shule?

Na bado walilibeba. Uchunguzi mkubwa wa afya uitwao Born in Bradford uliwafuata akina mama waliojifungua kati ya 2007 na 2010, ukakuta takriban 6 kati ya 10 wenye asili ya Pakistani wameolewa na ndugu wa damu. Uliporudiwa 2016 hadi 2019, katika kata tatu za ndani ya mji, walikuwa 46 kati ya 100. Watafiti wenyewe wanataja sababu kadhaa: watu wamejua zaidi hatari ya maradhi ya kuzaliwa nayo, mabinti wanabaki masomoni muda mrefu zaidi, sheria za uhamiaji zimebadilika. Hakuna aliyeandamana. Ni binti mmoja mmoja, jikoni, akimwambia mama yake: ngoja nimalize chuo kwanza. Halafu ngoja nipate kazi. Kusema “ngoja” ni rahisi kuliko kusema “hapana,” na nadhani hiyo ndiyo silaha iliyofanya kazi kubwa kuliko zote.

Vijana wa hapa wana mbinu nyingine, na hii nitaisimulia nikiwa nimebadilisha miji ili mtu asijitambue. Binti wa Leicester, kijana wa Harrow, wamekutana chuo kikuu. Wanapendana miaka mitatu. Kwenye simu ya binti, kijana ameandikwa kwa jina la shoga yake, na shoga huyo anapiga simu usiku sana kuliko mashoga wengine. Muda unafika. Badala ya kwenda kwa baba na kusema nimempata mtu, binti anamwendea mamake mdogo, yule mcheshi ambaye kila ukoo unaye. Mamake mdogo anapata wasifu wa kijana, ile karatasi wanayoiita biodata: urefu, shahada, kazi, ukoo wa babu upande wa mama, picha moja ya suti. Anaileta nyumbani kana kwamba kaiokota hekaluni. “Nimesikia kuna kijana.” Baba anauliza huku na huku, anaridhika. Siku ya kuonana inapangwa. Kijana anakuja na wazazi wake, vitafunio vya chevdo na gathia mezani, na wawili hawa wanaangalia zulia kama watu wasiojuana. Binti anamimina chai, anawawekea wote sukari. Kikombe cha kijana anampa bila sukari, na hakuuliza. Bibi yake kaona. Akashika ncha ya sari akajifunika mdomo, na hakusema neno mpaka wageni walipoondoka.

Wenzangu wengine huuita mchezo huo unafiki. Mimi nautetea. Posa ya Kiswahili nayo ina mchezo wake: mshenga anakuja kuulizia “jiko,” kila mtu anajua anachofuata, na watu wanajadili mahari kana kwamba jambo ni jipya. Mchezo unampa baba nafasi ya kukubali bila kuonekana kashindwa. Ninachokikataa ni pale mchezo unapokwisha. Baba akigundua kwamba kijana ni wa tabaka jingine, au ni Muislamu kwenye nyumba ya Kihindu, au ni wa Bangladesh kwenye nyumba ya Kipakistani, mamake mdogo hana pa kuchomekea karatasi yake. Na kama binti ampendaye ni binti mwenzake, huo mchezo haujatungwa bado. Hapo bei hupanda ghafla, na hapo ndipo utaijua familia.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimeona macho ya baadhi yenu yakiniuliza tangu nisimame. Mbona ninyi Wahindi hamtuozi sisi Waafrika? Sensa ya 2011 ya England na Wales ilionyesha kwamba kati ya Wahindi wanaoishi na wenza, 12 kati ya 100 tu walikuwa na mwenza wa jamii nyingine. Wapakistani 9, Wabangladeshi 7. Ndani ya hao wachache, naamini kwa niliyoyaona kwamba mkwe Mzungu husamehewa mapema kuliko mkwe Mwafrika. Tulitoka nalo Afrika Mashariki. Babu zetu walizaa na wanawake wa Kiafrika, wakawaita watoto wao machotara, na watoto hao hawakualikwa kwenye harusi za ukoo. Leo mjukuu akimleta kijana wa Kighana nyumbani, wazee wanasema tatizo ni “utamaduni tofauti,” ilhali mkwe wa Manchester anayekula nyama ya ng’ombe alipewa kiti. Hata tovuti kubwa ya kutafutia wachumba ya Shaadi.com ilikuwa na kichujio cha rangi ya ngozi, na ilikiondoa Juni 2020 baada ya watumiaji wake kupiga kelele. Waliopiga kelele walikuwa watoto wetu, si sisi.

Lakini kumbukeni pia upande wa pili. Mwaka 1970 huko Zanzibar, wakati wa Karume, wasichana wanne wa asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali, watu wa umri wa baba zao. Ilisemwa kwamba ni kuvunja ubaguzi wa kikabila. Mimi nilikulia Tanga, ng’ambo tu ya maji, na habari hiyo ilitajwa nyumbani kwa sauti ya chini, kisha ikawa sababu ya kuwafungia mabinti ndani na kuwaozesha mapema. Ubaguzi wetu ulikuwepo, naukiri. Wale wasichana hawakuwa dawa yake. Ukimnyang’anya mtu nafasi ya kukataa, iwe kwa jina la ukoo, la dini, au la mapinduzi, umemfanyia kitu kilekile.

Shangazi zangu walikuwa na methali ya Kiswahili waliyoipenda kuliko zote za Kigujarati: mchagua nazi hupata koroma. Binti akikataa mchumba wa tatu, wa nne, anapigwa nayo. Sijawahi kusikia mvulana akipigwa nayo. Mvulana akikataa wachumba kumi, anasifiwa kwamba ana macho makali. Hii bei ninayoizungumzia haiko sawa kwa wote. Kwa binti ni mara mbili, na kwa binti asiye na kipato chake ni mara nne.

Na kuna bei nyingine ambayo haitajwi kabisa, ile ya kusema ndiyo. Hapa nataka mnisikilize, hasa ninyi vijana mnaoona uhuru ni kujichagulia tu. Aliyepangiwa ndoa, mambo yakiharibika, ana pa kulalamikia. Anarudi kwa baba na kumwambia: ulinipa mtu huyu, njoo utatue. Wazee wanasafiri, wanakaa, wanamgombeza mume. Aliyejichagulia, tena kwa kuvunja nyumba, akipigwa kofi la kwanza anakaa kimya, kwa kuwa anajua atakaloambiwa: si ulimtaka mwenyewe? Nimekaa kwenye vyumba vya mahojiano nikikalimani maneno ya wanawake waliovumilia miaka kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Familia ikishasema “umejitakia,” imemkabidhi binti yake kwa mume bila mshenga wala shahidi. Vikundi kama Southall Black Sisters, kilichoanzishwa 1979 huko London magharibi, vimefanya kazi miaka yote hii na wanawake wa namna zote mbili, waliopangiwa na waliojichagulia. Mlangoni wanafanana.

Kwa wale ambao bei kwao imefika kiwango cha hatari, sheria ipo. Serikali ina kitengo maalumu cha ndoa za kulazimishwa tangu 2005. Mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda mtu, ikiwa ni pamoja na kuagiza pasipoti yake isalimishwe. Tangu Juni 2014 kumlazimisha mtu kuoa au kuolewa ni kosa la jinai England na Wales, na kifungo chake chaweza kufika miaka saba. Tangu Februari 2023 hakuna ndoa chini ya miaka 18 katika sehemu hizo, hata wazazi wakikubali. Na kama umefikishwa uwanja wa ndege na hujapata nafasi ya kusema na mtu, shirika la Karma Nirvana liliwahi kuwashauri wasichana waweke kijiko ndani ya nguo ya ndani. Mashine italia, utatolewa pembeni peke yako na ofisa, na hapo utasema. Nimeona baadhi ya vijana wamecheka. Wengine hawakucheka.

Wazazi, nawaomba kitu kinachowezekana. Msingoje mchumba aletwe ndipo mfikirie jibu. Mwambieni mtoto akiwa na miaka 15 au 16, siku ambayo hakuna posa wala ugomvi, wakati wa kukunja nguo: nitakuletea watu, nitakushauri, nitakasirika pengine, lakini ukikataa, chumba chako ni chako na funguo ni zako. Semeni kwa sauti, na baba aseme, si mama peke yake. Na semeni la pili: ukichagua mwenyewe na mambo yakaharibika, tutakuja kukuchukua, na hatutauliza nani alichagua.

Vijana, nanyi msiwafanye wazazi wenu wajinga. Mama yenu naye ana bei anayolipa. Mkifanya mnalolifanya, yeye ndiye atakayeulizwa Jumapili hekaluni, yeye ndiye dada wa baba yenu atakayempigia simu toka Toronto. Kumficha mtu miaka mitano, kisha kumleta sebuleni kama hati ya mahakama, ni kumnyima mama muda ambao ninyi wenyewe mlijipa. Tafuta mtu mmoja wa umri wake ndani ya ukoo, mjomba, mamake mdogo, hata jirani wa zamani wa Kampala, umwambie mapema. Kama hayupo hata mmoja, au kama unajua ukisema utapigwa au utasafirishwa, basi usiseme nyumbani kwanza; sema na mimi hapo nje, au na wale niliowataja.

Yangu nimemaliza. Nimeambiwa maswali ni matatu tu kabla ya chakula, na yule binti wa nyuma mwenye mtandio wa kijani kanyoosha mkono tangu nilipomtaja Karume. Aanze yeye, na mzee Jinja hapa mbele atamfuata, ingawa najua lake si swali.